Alichouliza Mjomba Khalfani

Rusimbi, Ujiji,
Kigoma.
14 Septemba 2025

Mpendwa kaka Jumanne,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Muscat, wewe na wifi na watoto, na kwamba joto la huko limeanza kupungua. Yule mdogo aliyekuwa akisumbuliwa na masikio amepona? Sisi huku kwa afya hatujambo. Mama yako, Bi Nasra, bado yuko ndani ya eda, na sasa anakula kuliko zile wiki za mwanzo. Mama yangu miguu inamvimba, ila anakwenda sokoni na kurudi bila fimbo.

Mvua hazijaanza. Dagaa ni wengi mwezi huu, wanaanikwa mpaka kando ya barabara.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu imenishinda. Mara tatu nimekupigia, ukapokea, tukajuliana hali, nikakata. Pengine ulidhani ni mtandao. Haukuwa mtandao.

Kuhusu kifo cha baba yako, Mjomba Khalfani, uliambiwa kwamba mashine iliharibika. Ni mimi niliyekuambia hivyo, siku ile ile ya maziko. Kaka, mashine haikuharibika.

Unajua kwamba tangu mwaka jana nilikuwa wakala wa ile kampuni ya Dar es Salaam inayouza sahani za kunyanyulia. Hujawahi kuziona. Ni vyuma vinne bapa, kila kimoja kama sinia la pilau. Unavifunga kwenye kitu kizito, unabonyeza kidude cha mkononi, na uzito wa kitu kile unaondoka, kinabaki kinaelea. Kazi yangu ilikuwa kuwapelekea watengenezaji wa mitambo ili wazifunge kwenye mitambo yao. Mteja wangu wa kwanza mkoani alikuwa Bonfils, yule Mrundi mwenye karakana Mwandiga, anayetengeneza mashine za kukamulia mawese na winchi za kuvutia maboti. Baba yako alikuwa fundi wake mkuu. Yeye ndiye aliyenipeleka kwake na kunisemea maneno mazuri.

Siku ya maonyesho nilizifunga sahani kwenye injini kuukuu ya meli, tani mbili. Ikapanda mpaka usawa wa kiuno. Nikaisukuma kwa kidole kimoja, ikavuka karakana kama mtumbwi uliofunguliwa kamba. Ilipokaribia ukuta nikabonyeza, ikakaa chini. Mafundi wakacheka wote. Baba yako hakucheka. Alikuwa anafuta mikono kwa tambara, anaitazama.

"Na kuisimamisha je, Zuhra?"

Swali lilikuwa hilo tu. Na jibu nilikuwa nalo. Dar tulifundishwa siku nzima, nikaandika kwenye daftari: uzito unaondoka, lakini chuma kinabaki kuwa chuma. Kikishaanza kwenda, kinakwenda na tani zake zote, hata kikitembea polepole, na mtu asisimame kamwe kati yake na ukuta. Lakini Bonfils alikuwa ameshika kalamu, mkataba uko mezani, nikaona nikianza habari za hatari atasema ngoja kwanza nifikirie.

"Vivyo hivyo, Mjomba," nikamjibu. "Kwa kidole."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Aliniamini kwa sababu ni mimi.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano walikuwa wanaipeleka injini kwenye fremu ya winchi mpya. Sikuwepo. Aliyekuwepo ni Leonardi, fundi mwenzake, naye amenieleza mara moja tu, nikamwomba asirudie. Leonardi aliisukuma kutoka upande wa mlangoni. Baba yako akasimama upande wa ukuta kuipokea. Ilikuja kwa mwendo wa mzee anayetoka kuswali. Hakuikwepa, maana hakuona cha kukwepa.

"Alinyoosha kidole, dada," Leonardi aliniambia. "Alikuwa anatabasamu."

Zaidi ya hapo sitakuandikia.

Walipokwisha kumtoa, polisi walifunga karakana, wakasema kisiguswe kitu mpaka mkaguzi afike. Betri za sahani hukaa wiki mbili. Kwa hiyo injini ilibaki humo ndani siku tatu, mlango umefungwa, inaelea. Alasiri upepo wa ziwani unapopanda, ulikuwa ukipenya chini ya mabati na kuisogeza, inakwenda ukuta huu, inarudi ukuta ule. Melania, anayeuza ndizi pale nje, alikuwa akiisikia.

"Inagonga kama mgeni mwenye adabu," aliniambia. "Inagonga, inangoja, inagonga."

Siku ya pili alihamisha meza yake ng'ambo ya barabara.

Siku ya nne niliitwa. Mkaguzi aliuliza nani anaweza kuishusha, wote wakanitazama. Nikaingia peke yangu. Ilikuwa katikati ya karakana, ina vumbi, inajigeuza taratibu. Kidude chake kilikuwa sakafuni, kule kule kwenye ukuta ule, ikabidi nipite kando yake. Nilipoinama kukiokota sikusikia sauti yoyote. Niliona tu mwanga unapungua mbele yangu. Kugeuka, inakuja. Nikajitupa pembeni. Ikagusa ukuta mahali nilipokuwa, saruji ikamwagika kama unga. Nikabonyeza, ikashuka.

"Imeharibika?" mkaguzi akauliza kutoka mlangoni.

"Hapana," nikasema. "Inafanya kazi vizuri."

Wiki hiyo kampuni iliniletea ripoti niitie saini. Walikuwa wameandika kwamba chanzo ni uzembe wa fundi. Jina la baba yako lilikuwa pale, na neno uzembe mbele yake. Sikutia saini. Nilimwandikia mkaguzi maelezo yangu kwa mkono wangu: kwamba marehemu aliuliza, kwamba mimi nilijua, na kwamba nilimficha. Kampuni wameniachisha kazi, na mkaguzi amelifuta lile neno. Bonfils amezifungua sahani zote, amerudi kwenye minyororo. Mteja mwingine yuko Kasulu, huyo nilimfuata kwa nauli yangu. Niliweka pipa tupu ukutani, nikawaambia wasukume taratibu, watazame. Pipa lilikunjika mbele yao polepole kama kitambaa. Hakuna aliyecheka.

Lakini sijapona, kaka. Mlango ukijifunga wenyewe kwa upepo, mwili wangu unakimbilia pembeni kabla sijafikiri. Na sauti yake naisikia mchana kweupe, nikiwa napima mchele au napanga foleni ya maji, ananiuliza na kuisimamisha je, kwa upole ule ule. Kila mara nafungua mdomo nimjibu sawasawa, nakuta watu wananitazama.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwambia mama yako. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mboga. Sikuomba msamaha. Niliona kuuomba pale ni kumtwisha jambo jingine.

"Jumanne anajua?" akaniuliza.

"Hajui."

"Basi mwandikie wewe. Mimi mwanangu sitampa habari hiyo kwa mdomo wangu."

Nikadhani amemaliza, nikainuka. Akasema bila kunitazama, "Kesho usije. Keshokutwa njoo, kuna nguo za kufua." Tangu hapo naenda kila siku ya pili. Nafua, nachota maji, narudi kwetu. Habari ile hatujaigusa tena, na sijui kama amenisamehe au ananihitaji tu.

Umesema utakuja Desemba, eda ikiwa imekwisha. Kaburi liko makaburi ya Ujiji, kando ya babu, tumelizungushia mawe. Sikuombi kitu. Kama hutaki nije kukupokea stesheni, mwambie mama yako. Ataniambia siku hiyo nisije, nami nitaelewa.

Mama yangu anakusalimu sana, anasema usiache kula. Leonardi anakusalimu, hakurudi karakana, analima Simbo. Bonfils anakupa pole tena na kukutakia amahoro, yaani amani kwa lugha yao. Mpe wifi mkono, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao.

Mungu amrehemu baba yako, akulinde ugenini, na akurudishe kwenye mlango wenu salama.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata ukikaa bila kunijibu,

Zuhra