Wanalinunua Ili Walifungie

Mwenzangu uko wapi?

Si unajua leo mimi na profesa anayenisimamia chuoni tulikuwa na kikao kiwandani, kuhusu lile chujio langu la maji la udongo? Wamekubali kulinunua. Subiri, usishangilie.

Mkataba uko mezani, kalamu nimeshaishika. Nikamuuliza mkurugenzi, "Mtaanza kulitengeneza lini?" Natabasamu kabisa, mjinga mimi.

Akacheka. AKACHEKA!

"Nani kakuambia tutalitengeneza, binti yangu? Sisi tunauza machujio ya kutoka nje. Hili lako la bei rahisi likiingia sokoni, yetu tutamuuzia nani?"

Nikadhani utani. Nikamgeukia profesa anitetee. Kainamia simu yake.

Yaani wanalinunua wakalifungie kabatini, na mimi nisiruhusiwe kumpa mtu mwingine! Mama yangu mpaka leo anachemsha maji ya kisima kwa kuni, halafu nisaini mkataba huo?

Nikaweka kalamu chini. "Samahani mzee, sisaini."

Kwenye gari profesa hata hakunitazama. Nikamuuliza, "Ulijua?" Akaongeza sauti ya redio. Nikarudia, "Profesa, ulijua?"

"Nilijua. Viwanda vingapi vimetukataa? Angalau hiki kingelinunua."

Angalau! Nikamwambia anishushe hapohapo.

Sasa niko kando ya barabara, nimelipakata chujio kama mtoto mchanga, na sijui kama kesho bado nina msimamizi. Njoo unichukue. Ila usiniulize kama nimefanya vizuri, maana nitalia.