Sauti ya Shija Kwenye Muvi

Mtwara, Jumatano jioni

Kwako mayu, mama yangu,

Shikamoo. Mimi mwanao Kabula ni mzima, ila vidole vinawasha kwa mafuta ya maganda ya korosho, na huko kuwashwa nimeshakuzoea. Wewe je? Mguu umepoa? Macho nayo? Mvua zimeshika huko, au bado mnaangalia mawingu yakipita kwenda Inyonga?

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Simu yako unaiweka sauti kubwa, mayu. Ukiongea na mimi boma zima linasikia, mpaka kuku. Haya ninayoandika sitaki baba mdogo ayasikie, wala mtu yeyote kabla yako. Barua nitampa mwalimu mmoja anayehamia Mpanda, ameapa ataifikisha Kakese mkononi kwako. Bahasha nitaipaka gundi pande zote. Ikifika imefunguliwa, ujue ni yeye.

Jumapili mchana tukitoka kanisani huwa naenda kukaa kwa Somoe, mwenzangu wa kwenye kubangua korosho. Yeye ana tivii. Tunamenya viazi huku tunaangalia muvi na tamthilia. Mimi vitu hivyo siviamini, na Somoe nimemwambia mara nyingi. Kwenye za Kihindi mwanamke anaamka usingizini ana hereni masikioni na wanja umekaa vilevile. Za Kituruki wanapika, wanapakua, wanakaa mezani, halafu mmoja anasema neno baya wote wanainuka wanaondoka. Kile chakula nani anakula? Na kila mlango una mtu nyuma yake anasikiliza. Zetu za Bongo ndiyo usiseme, wakitaka kuonyesha mwanamke wa kijijini wanampaka masizi usoni, utafikiri sisi maji ya kunawa hatuna. Somoe anasema, "Wewe Kabula hata maiti utamchungulia kama anapumua." Acha aseme.

Lakini ninayemshuku kuliko wote ni mtu wa kutafsiri. Unawajua, walikuwepo hata Mpanda kwenye mabanda ya video. Mchina anaongea, halafu anakuja Mswahili mmoja anafunika sauti yake na kueleza kila kitu peke yake, wanaume, wanawake, watoto, mpaka mbwa. Mchina amesema labda "twende", basi. Huyu wetu anaongea mpaka mwenzake ameshapanda gari kaondoka. Hayo maneno mengine kayatoa wapi? Kayatoa kichwani kwake, na sisi tunalia machozi ya kweli.

Sasa miezi miwili iliyopita Somoe alikuja na flashi mpya kutoka duka la muvi. Imetafsiriwa na mtu anayejiita Kipaza. Kwenye hiyo muvi kuna bosi wa majambazi, amesimama tu, vijana wake ndio wanachimba ukuta wa benki. Kipaza akasema, "Huyu sasa ndiye Meneja. Kazi yake kusimama na kutazama wenzake wakilima."

Mayu, kisu kilinidondoka.

Unamkumbuka maksai wetu Meneja? Yule mvivu, ukimfunga jembe anasimama anawatazama wenzake? Nani alimpa lile jina na kutuambia maneno hayohayo? Ni Shija. Shija mdogo wangu, kitinda mimba wako, ambaye huu ni mwaka wa saba hajulikani alipo, hata kumzika baba hakuja.

Nikajiambia, Kabula tulia. Wasukuma tumejaa nchi nzima na ng'ombe mvivu hakosekani. Labda kuna mtu wa Kakese kamsimulia huyo Kipaza, naye kaiba utani wa watu. Kesho yake nikaenda pale duka la muvi. Nikamuuliza muuzaji, huyu Kipaza ni nani, anatoka wapi? Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Mama, kakukimbia nini?" Nikamwambia anijibu nilichomuuliza. Akasema hawajui sura za hao wa kutafsiri, wao wanapokea muvi kutoka Dar na kuziweka kwenye flashi za watu. Sikumwamini hata kidogo. Nikamwambia aniwekee zote alizo nazo za Kipaza.

Tukaanza kuziangalia moja moja. Somoe alinichoka, maana kila dakika nasema rudisha nyuma, rudisha nyuma, nasikiliza anavyokohoa kabla ya kucheka. Shija alikuwa anakohoa hivyo. Lakini wanaokohoa ni wengi. Siku moja akamwita mbwa wa polisi Sungusungu, jina la mbwa wetu. Na hilo pia nikalipinga, nikasema mbwa wa jina hilo wako wengi kuanzia Mpanda mpaka Shinyanga.

Jumapili hii iliyopita ndiyo nikaishiwa ubishi. Ni muvi ya Kikorea. Kuna bibi kizee anafuta kabati, anafuta, mwanaye kakaa tu anamtazama. Kipaza akasema, "Bibi huyu muacheni. Tangu atolewe mtoto wa jicho nyumbani hakulaliki. Anasema kumbe nyumba ilikuwa chafu miaka yote hii na nyie mnanyamaza tu!"

Somoe alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye kamba ya nguo.

Maneno hayo ni yako, mayu. Uliniambia kwa simu mwaka jana, siku ya tatu baada ya kufunguliwa bandeji, nikacheka na wewe. Shija aliondoka macho yako yakiwa mazima. Nani kamwambia? Baba mdogo hajui hata kupiga simu, husubiri apigiwe. Shangazi angekuwa anajua, kijiji kizima kingekuwa kinajua. Nimewapima wote, nimebaki na wewe.

Na mengine sasa yananirudia. Ukoo ulipotaka kumwekea Shija matanga ukakataa, hukutoa hata chozi, ukawaambia wakale kwao. Nilidhani ni uchungu wa mama. Na mwaka juzi nilipokuja likizo, simu yako iliita ukaenda kuipokelea nyuma ya zizi, unanong'ona. Wewe! Mimi nilidhani umepata mzee wa kukutembelea, Mungu anisamehe, nikanyamaza kwa heshima.

Unaongea naye, mayu. Usiniambie hujui.

Nilikasirika siku nzima, nikaharibu korosho debe zima kwa kuzigonga. Mama yangu mzazi ananificha ndugu yangu! Halafu usingizi ukakataa, nikaanza kujiuliza kwa nini, na jibu nilikuwa nalo siku zote.

Ile betri ya sola. Ilipopotea mimi ndiye niliyesimama mbele ya baba na wageni wa posa yangu nikasema ameichukua Shija, kaipeleka kwenye banda la video mjini, kwa sababu alikuwa hatoki huko. Sikuwa nimeona kitu. Nilishuku tu, na nilivyoshuku nikasema nimeona. Baba akapindua sanduku lake nje, akampiga fimbo watu wanaangalia. Jioni hiyo akaondoka.

Haya yanayofuata huyajui, na ndiyo yamenifanya nishike kalamu. Baada ya wiki mbili nyie mko shambani, mwalimu wa kwaya, yule aliyehamia Inyonga, alikuja na betri kichwani. Alikuwa ameichukua kwa ajili ya kinanda cha kwaya siku ya mkesha, alimwachia maagizo mtoto wa jirani, mtoto akasahau. Akaomba radhi. Nikapokea. Nikaiweka nyuma ya ghala, jioni nikaiokota mbele yenu, nikamwambia baba, "Mnaona? Aibu imemshika, kaja kuirudisha kwa kujificha." Baba amekufa akiamini mwanaye mwizi. Niliogopa posa ingevunjika. Na ilivunjika vilevile, kwa mambo mengine.

Nadhani Shija alikuambia hakuiba, ukamwamini, na kuniuliza mimi ukaona haina maana. Ungeniuliza ningekataa, mayu. Nakuambia kweli, ningekataa na kuapa.

Sasa msomee baba mdogo barua hii. Nimesema sitaki ayasikie kabla yako, lakini ukishamaliza kulia na kunitukana, msomee, na shangazi aitwe, naye ataifikisha kwa kila mtu. Jina la Shija lisafishwe hapo bomani. Msalimie mama jirani anayetupa asali, na wajomba wa Inyonga, na mke wa baba mdogo. Watoto wa shangazi waambie kanga zao zipo, nitazituma.

Kuna jambo moja nataka umpelekee Shija. Nimeangalia muvi zake kumi na moja. Kila muvi ina mwanamke mchonganishi, na kila akitokea mimi najikaza, nasema leo atamwita Kabula. Hamwiti. Wewe amekutaja, maksai amemtaja, mbwa amemtaja. Mimi simo popote. Hilo linaniuma kuliko angenitukana.

Sikutumi uniombee msamaha, huo nitauomba kwa mdomo wangu akikubali kunisikia. Mwambie tu muvi ijayo, yule mwanamke mbaya akiingia mlangoni, amwite kwa jina langu. Amseme anavyotaka, mpaka Somoe ashike ukuta. Mimi nitakuwa nimekaa palepale na viazi vyangu, na nitaitika.

Mwanao,
Kabula