Sifa Zilizomponza Thirza

Settle, 9 Mei 1957

Dada yangu mpenzi Marjorie,

Pokea salamu zangu. Natumaini goti lako limepata nafuu, na Harold ameacha kugombana na jirani kuhusu ule ukuta. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo hauna raha.

Juzi nilikwenda kwenye chuo cha udaktari wa mifugo kilichomkataa Thirza. Usishtuke. Mkuu wa chuo, Dokta Pomfret, alinikaribisha chai, akasema malalamiko yangu yanavutia kweli. Tumekulia huku, unajua mtu wa aina yake akisema jambo linavutia, ameshafunga mlango. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya mpwa wangu. Akasema atalitazama siku moja. Nikauliza siku gani, saa ngapi, na kitini sikunyanyuka. Karani wake akaninong'oneza eti, "Bibi mwalimu, chai yenyewe imeshapoa, si uende tu?" Nikamjibu naipenda hivyohivyo baridi.

Ndipo nikamweleza Pomfret nililokuficha. Umekuwa ukiwalaani wazee wa chuo kwa kumdharau binti wa mfuga kondoo. Waache, Marjorie. Kikulacho ki nguoni mwako. Ile barua ya mwalimu wake ya kumpendekeza chuoni niliiandika mimi, na unajua hapa kwetu hatumwandiki mtu vibaya. Tunammaliza kwa sifa. Ningeandika kwamba ana kipaji, wangempokea. Niliandika kwamba anajitahidi sana na ana tabia njema, yaani kichwani hamna kitu. Nilijua watakavyoisoma, maana barua hizo nimeziandika miaka ishirini. Thirza ni hodari kuliko wote niliowafundisha. Nilitaka abaki, awe anakuja kwangu Jumapili. Niliogopa upweke, nikamkata miguu mtoto wako. Naona aibu.

Pomfret akafungua kitabu chake cha miadi. Atamsaili Thirza mwenyewe, Alhamisi ijayo saa nne asubuhi. Alisema pia kwamba itambidi aiarifu shule yangu. Nikamwambia aiarifu.

Jumatano nitakuja kwenu. Tafadhali usimwambie Thirza. Hilo nitalisema kwa kinywa changu. Ukinifungia mlango utakuwa na haki, lakini nitasimama uani mpaka atoke anisikie, hata mvua inyeshe.

Nisalimie Harold, na ulitunze goti.

Mdogo wako aliyekukosea,
Enid