Mjumbe Anakula Kwanza

Kaka yangu Rajab,

Simu yako haipatikani tangu asubuhi ile baba alipokupandisha boda bila hata kukuacha uvae viatu. Kwa hiyo nakuandikia hapa, kwenye ubao wa mchezo wetu wa simu, hapa ambapo watu wa Mto na watu wa Mlima hubandika matusi yao. Labda huko uliko utaazima simu ya mtu, na ukiipata najua hapa ndipo utakapofungua kwanza. Wengine watasoma pia. Wacha wasome.

Leo baada ya alasiri watu wanakuja kwetu kuzungumza habari yako. Nimemwambia baba kwamba nitasema. Mimi.

Unanijua. Mwalimu akiniita jina tu, nainamia daftari. Niliporudi kutoka kwa shangazi Kenya na Kiswahili changu cha shule, watoto dukani walicheka, wakaniita Madam. Kiingereza nacho kinaishi darasani, hakitoki nje. Basi nikachagua kunyamaza kwa lugha zote mbili.

Ndiyo maana niliingia kwenye mchezo bila kumwambia mtu. Mle ndani hakuna aliyenijua. Nikapewa kazi ya mjumbe wa Mlima, kazi iliyokataliwa na wote, kwa sababu mjumbe hana upanga. Anatumwa kwa adui kuongea, na mara nyingi anauawa kabla hajamaliza salamu. Sikujua kwamba chifu wa Mto, yule aliyeogopwa na kila mtu, ni wewe uliyekaa chumba cha pili.

Unakumbuka siku ile? Nilikuwa nimesimama kwenye lango lenu, ndani ya simu, nasema Mlima unawasalimu, Mlima unaomba maji ya ng'ombe wake. Ulikuwa umenisikia mara mbili, kwenye simu na kupitia ukutani. Ukaja ukasimama mlangoni kwangu. Nilidhani utanipiga kofi. Ukaniangalia, ukaiangalia simu, halafu ukasema kwa ile sauti nzito ya chifu, "Mjumbe, umekula?"

Ukaniletea kisra, ule mkate wetu mwembamba, na mchuzi wa bamia. Ilikuwa sheria ya habuba, bibi yetu, tuliyolelewa nayo: mgeni hasemi shida yake kabla hajanawa mikono, na aliyekula kwenye sinia lako humgusi, hata kama mna kesi. Wewe ukaichukua sheria hiyo ukaiingiza kwenye mchezo. Vijana wa Onduparaka, wa jeshi lako, walilalamika sana, wakauliza kama hii ni vita ama ni harusi. Ukawajibu, "Mutu akikula kwangu, hakuna mutu atamupiga. Hamutaki, tafuteni chifu ingine."

Hawakutafuta. Hata wachezaji wa Dadamu, ambao walikuwa wanakata vichwa vya wajumbe kwa kujifurahisha, walianza kutupikia.

Na ulinitukana vizuri, kaka. Mbele ya jeshi zima uliniita mbuzi mwembamba wa Mlima. Mimi nikakuita chura anayedhani dimbwi ni lake. Halafu tunakutana jikoni, unachota maji, unauliza polepole kama lile la mbuzi limeniuma. Nasema kidogo. Unasema la chura lilikuuma sana. Tunacheka mpaka habuba anauliza nani ametuloga. Maishani mwangu sijawahi kuongea na mtu kama nilivyoongea na adui yangu.

Kisha ukaja ule ujumbe wa vita kubwa. Uliwatumia watu wako sauti, kwenye kundi la mchezo tulimokuwa sote: "Watu wa Mto, alfajiri tunavuka. Kule Mlima isibaki nyumba na paa. Anayependa watoto wake awatoe leo." Mimi nikiwa upande wa pili nilisisimka mwili mzima, ilivyokuwa nzuri. Lakini mtu fulani, sijui nani, aliitoa kwenye kundi la mchezo akaitupa nje kwenye makundi ya mji, sauti peke yake, bila neno lolote la kueleza. Labda alidhani ni mzaha. Hapa Koboko. Hapa ambapo mto upo kweli na mpaka wa Sudan Kusini upo kweli. Sisi tulikuwa na mto wetu ndani ya simu, tukausahau ule mwingine.

Kufika mchana akina mama walikuwa wanaingia mjini kutoka upande wa Midia, magodoro kichwani. Mama Keji, jirani yetu, ambaye alishakimbia vita Sudan Kusini na mama yake akamfia njiani, alikuwa ameshafunga vitu na kuwavalisha watoto. Akasikiliza ule ujumbe tena. Nilikuwa getini, nikauona uso wake unabadilika. Aliitambua sauti inayomsalimia kila siku akipanga karanga zake. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Hii ni Rajab. Huyu mutoto mimi nakulaga naye."

Wengine wakasikia. Kesho yake vijana wakaja na fimbo, na wewe ukaondoka.

Sasa baba anasema hutarudi mpaka watu wale waseme kwa midomo yao kwamba hawatakugusa. Wao wanasema hawatasema hivyo mpaka wajue nani alikutuma. Baba amewaeleza ni mchezo, wakamjibu kila mzazi husema hivyo. Na baba mwenyewe haelewi, anauita "ile kitu ya simu". Anayeelewa, katika nyumba hii, nimebaki mimi. Ninayo ile sauti yako, na ninayo sauti niliyokujibu saa ile ile kama mjumbe, nikisema nakuja mikono mitupu, tupeni muda tuongee. Nataka wazisikie zote mbili, moja baada ya nyingine.

Naogopa, kaka. Wakiisikia yako tena, wanaweza kuinuka kabla sijabonyeza yangu. Wataniuliza nilikuwa upande gani, na itabidi nijibu: upande wa adui. Nani ataamini? Na Mama Keji akilia, najua nitakachofanya, nitanyamaza kama siku zote, na safari hii kunyamaza kwangu ndiko kutakuwa hukumu yako. Hata uliko sijauliza. Wakinibana nisije nikasema.

Wameshafika. Kutoka jikoni naona viatu vimejaa mlangoni. Mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, anakohoa. Mama Keji amekaa ukingoni mwa mkeka, mkoba mapajani, kama mtu ambaye hatakaa. Habuba amepanga kisra kwenye sinia kubwa, na amesema mimi ndiye nitakayelibeba. Nimemwambia mikono inatetemeka.

"Beba hivo hivo," amesema. "Wataona iko nzito."

Nitaliweka mbele ya Mama Keji. Nitashika birika nimwagie maji. Akinyoosha mikono, nitasema. Asiponyoosha, nitasema hivyo hivyo, na birika mkononi.

Ukisoma hii usipige simu kwanza. Popote ulipo, kula.

Mdogo wako,
mbuzi mwembamba wa Mlima