Mkwe Wangu Anacheka na Fundi

Jumatatu, 4 Machi

Mkwe wangu amecheka leo. Si kwangu. Kwa Fundi!

Fundi ni yule mama wa cherehani, nyumba ya pili kutoka kwetu. Tangu mkwe wangu ajifungue mwezi uliopita, kwangu mimi ni "ndiyo mama", "hapana mama", "asante mama". Kama tuko benki. Akija Fundi mlango wa chumba unafungwa, na mle ndani kicheko mpaka wanakohoa. Nilisimama koridoni na bakuli la supu mpaka ikaganda mafuta juu. Nikagonga. Fundi akachungulia, sauti ya kubembeleza – tusubiri kidogo mama, ndiyo anampakata mtoto upya.

Tusubiri! Nyumba ya mwanangu, supu yangu, mjukuu wangu. Nasubirishwa kama muuza maziwa.

Kisa chenyewe ni chuchu. Zimechanika. Mtoto akivuta, mama yake anauma meno na machozi yanamtoka. Nilimwambia tangu mwanzo: vumilia, sote tumepita huko, mimi nimenyonyesha watano na hakuna jirani aliyenisikia. Akageukia ukutani. Baadaye kliniki wakamletea Fundi. Ati ni mama wa kujitolea, amepewa mafunzo ya kusaidia wanaonyonyesha. Amezaa mmoja yule. Mmoja!

Jumanne, 5 Machi

Mwanangu amekuja kunong'ona jikoni. Mke wake anataka kwenda kukaa kwa mama yake mpaka mtoto atambae. Nikamuuliza kwa nini. Akajikuna shingo. Amekosa nini hapa? Akajikuna tena. Nimezaa mwanamume wa kujikuna shingo.

Mpaka atambae! Huyo si mjukuu tena, huyo ni mgeni. Atanilia akiniona.

Chakula changu nimekirudisha sufuriani.

Kama ni mafunzo, na mimi nitafunzwa. Wanaanza kundi jipya keshokutwa. Tuone huo mlango utafungwa kwa nani.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeenda kliniki. Nesi anayefundisha ni msichana mdogo mwenye sauti kubwa. Akaniuliza, Bibi, kwa nini unataka kujitolea? Nikasema nawapenda akina mama. Uongo mtupu. Akasema sharti ni moja tu, uwe umenyonyesha. Nikamwambia hata wewe ungekuwa karibu ningekunyonyesha. Akaniandika.

Sasa nani amekaa mbele pale, karibu na nesi, anagawa vifaa? Fundi! Ndiye msaidizi. Na matiti ya kufundishia kayashona yeye – soksi zimejazwa vitambaa, chuchu ni kifungo. Hata titi kashona yeye! Langu lilikuwa limekwenda upande, nikasema wazi. Nesi akasema hata ya watu yako hivyo. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilicheka njiani, peke yangu.

Somo la leo: ukifika kwa mama aliyejifungua, usianze na mtoto. Anza na yeye. Wewe mwenyewe unaendeleaje? Kisha unyamaze. Yaani umetembea jua lote hilo ukanyamaze!

Tukafanya mazoezi ya wawili wawili. Mwenzangu alikuwa Muuza Mkaa, yule mnene anayepita mitaani kwetu na mkokoteni. Yeye mama, mimi wa kujitolea. Akalalamika maziwa hayatoshi. Nikamwambia huli, hulali, na mbona umemshika mtoto kama kuni? Nesi akaja juu – Bibi, umemuuliza nini hapo? Nikasema nimuulize nini na mimi naona kwa macho?

Fundi akainamisha kichwa. Alikuwa anacheka. Nilimwona mabega.

Jumatatu, 11 Machi

Wameniibia! Leo ndiyo wanasema kuna kanuni: hupewi mama wa nyumbani kwako. Ati mama hawezi kusema ya moyoni kwa mtu anayelala naye ukuta mmoja. Sasa mimi nimekalia benchi lile gumu kwa ajili ya nani? Nilishachukua mkoba wangu niondoke. Nikageuka, Fundi ananitazama kwa huruma. Huruma! Nikakaa tena. Raha hiyo simpi.

Kanuni nyingine: usishike titi la mtu bila kuombwa. Nyingine: la mama halitoki. Alichokuambia unakufa nacho, hata akuulize mumewe, hata mama mkwe. Waliposema mama mkwe kila mtu alinitazama. Nimewafanya nini hawa?

Jioni Fundi alikuja nyumbani. Nilikuwa nimempakata mume wangu – mjukuu wangu huyo, ndivyo ninavyomwita, na haki hiyo ni yangu. Fundi akainama: hujambo mchumba? Mchumba! Nikamwambia huyu ameshaoa. Mkwe wangu akatabasamu, nikadhani kwa ajili yangu. Hapana. Alikuwa anamtazama mwenzake.

Wakaingia. Mlango ukafungwa. Nikafua nepi ambazo zilishafuliwa.

Jumatano, 13 Machi

Nimejiaibisha.

Nesi alitaka tuone mfano mzuri. Fundi awe wa kujitolea. Nani atakuwa mama? Mimi, nikasema upesi. Nia yangu nimkomeshe. Nilijipanga kumjibu vile vile anavyonijibu mkwe wangu, tuone huo ufundi.

Tukakaa mbele ya watu. Nimeshika lile titi la soksi. Akauliza, wewe mwenyewe unaendeleaje, mama? Nikasema, nzuri. Akanyamaza. Unalala? Ndiyo. Akanyamaza. Nilimsubiri aseme neno, hasemi! Amekaa tu, mikono mapajani, ananitazama kama mtu mwenye siku nzima. Feni inazunguka. Hata Muuza Mkaa aliacha kutafuna.

Halafu akasema taratibu: siku zako zikoje?

Sijui nini kilinipata. Nikasema siku zangu nasimama koridoni. Nikasema napika supu, inaliwa nikishaondoka. Nikasema nimezaa wanaume watano, na kila mimba niliomba binti, nikachoka kuomba, halafu mwaka juzi akaingia mwenyewe na sanduku lake, mwanamke mzuri, ana adabu, nikasema sasa nimempata. Na sasa nasikia kicheko chake ukutani. Sijui nimemkosea nini. Simjui. Anampa mwingine.

Nikalia. Mbele ya wanawake kumi na kitu! Na nilichofutia machozi ni lile titi. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Fundi hakusema vumilia. Angesema vumilia ningempiga na hiyo soksi.

Ijumaa, 15 Machi

Sijalala vizuri. Nawaza – ameshamwambia. Atakosaje? Wanawake wawili chumbani, mlango umefungwa, mama mkwe kalia hadharani. Utamu gani kuupita huo?

Nikamfuata kwenye cherehani yake. Alikuwa anapinda gauni, pini mdomoni. Nikamwambia, sikiliza, mkwe wangu anasema nini juu yangu? Akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kijimto chake cha pini. Akasema, hilo muulize mwenyewe, mama.

Nikamwambia mimi ni mtu mzima, niambie kidogo tu. Hata neno moja. Baya au zuri?

Akasema, siwezi. Na lako sijampelekea.

Nikasema, hujampelekea kweli?

Akasema, kweli. Akakanyaga cherehani. Krrrr. Kikao kimefungwa.

Nilimtukana. Si sana. Nimemwambia gauni lenyewe limepinda.

Lakini njiani likanikaa rohoni. Yule Fundi, mtoto wa juzi tu, anajua la mkwe wangu, anajua na langu. Amebeba yote mawili humo kifuani, anatembea nayo sokoni. Na sisi tunaokula sufuria moja hatujuani. Wivu nilionao siwezi kuueleza. Hata angekuwa mke mwenzangu nisingemwonea hivi.

Jumamosi, 16 Machi

Mwanangu ameshusha sanduku kutoka juu ya kabati, amelipangusa vumbi. Kaka wa mkwe wangu anakuja Jumatano na gari. Basi. Imekwisha.

Chuchu zimepona lakini, au zinaelekea. Nilipita mlango ukiwa wazi nikaona: mtoto ameachama, ameshika pale peusi pote, kidevu kimezama. Mama yake hakung'ata meno. Nilitaka kusema umeweza, mwanangu. Nikasema, nguo zake zimekauka.

Kwa hiyo kinachomfukuza mkwe wangu si maumivu. Ni mimi?

Jumatatu, 18 Machi

Tumepewa vyeti. Mimi wa mwisho kuitwa. Nesi ameniambia Bibi, wewe utapewa mama wa pacha, mtaa wa juu, anahitaji mtu asiyeogopa kelele. Sawa. Wa watu watanifungulia mlango, wa kwangu anapakia.

Nimekunja nguo za mtoto nikaziweka kwenye sanduku mwenyewe. Nimezikunja vizuri. Asije mama wa mkwe wangu akasema hatujui kukunja.

Jumanne, 19 Machi

Muuza Mkaa! Nitamkaba yule.

Mchana huu kapita na mkokoteni wake. Mkwe wangu alikuwa kibarazani na mtoto, mimi napokea gunia. Na huyu mama, cheti chake hakijakauka wino, anataka kuonyesha amefunzwa. Akaweka mikono kiunoni, akalegeza sauti kama nesi: Bibi, kabla ya yote, wewe mwenyewe unaendeleaje – tangu ile siku uliyolia?

Na akanyamaza! Kama alivyofundishwa! Anasubiri nijibu!

Nikamwambia mkaa wako ni vumbi tupu, ondoka. Akashtuka, akaziba mdomo kwa viganja viwili, uso mzima mweusi wa mkaa. Amekwenda anakimbia na mkokoteni. Gunia kaliacha bila kuulizia malipo.

Mkwe wangu alinyanyuka, akajifunga kanga, akatoka na mtoto kuelekea kwa Fundi. Nikajua ndiyo hivyo. Sasa ataambiwa yote, kesho kwa mama yake watacheka mpaka mbavu ziume.

Hakukawia. Nikasikia malapa yake koridoni. Chumbani kwake sikusikia mlango. Malapa yakaja mpaka kwangu. Akagonga. Tangu ajifungue hajawahi kugonga kwangu.

Nilikuwa hapa hapa mezani, nimeshafungua kitabu hiki nimtukane Muuza Mkaa. Akaingia, akakaa kitandani kwangu, akatoa titi, akamwekea mtoto. Akasema, mama, ulilia nini kule?

Nikasema, nani kakwambia nililia.

Akasema, nimemuuliza Fundi, kakataa. Nimembembeleza, kakataa. Ananiambia nikuulize mwenyewe. Na mimi nikamwambia, yangu je, umempa mama? Akasema, hata chembe.

Tukatazamana. Yaani na yeye aliogopa Fundi asiniletee yake!

Nikasema, ngoja nimalize kuandika.

Akasema, andika, mama.

Ndiyo naandika. Naandika hata yasiyohitajika. Sanduku liko mlangoni kwao, nimelifunga kamba asubuhi. Nikimwambia kweli ataniona kikongwe wa kuonewa huruma, na huruma sitaki. Nikisema yalikuwa mazoezi tu, atasema "ndiyo mama", ataamka, na kesho ni gari.

Mume wangu anavuta kwa sauti, hana aibu. Nataka kumwambia mama yake aegemee mto, mgongo utamuuma. Nimeuma ulimi. Nimeusogeza mto tu karibu yake. Ameuegemea.

Amemtoa titi moja, anamhamishia la pili. Anauliza, bado, mama?

Nimemwambia bado mstari mmoja. Ninalo neno la kwanza, nimelishika kabisa. La pili ndilo sijalipata. Nafunga kitabu, nitalipata nikisema.