Flashi Niliyobaki Nayo Mubi

Mubi, Jumanne

Mama yangu,

Nakusalimia wewe kwanza, kisha mgongo wako, maana najua ndio unaotangulia kulalamika ukitoka shambani. Maharage yamekubali? Mimi ni mzima. Mvua ya huku haina adabu, lakini mzima.

Jana nilirudi kutoka Kashebere. Usishtuke, si vita, ni uzembe wangu.

Direktere wa shule ya huko alileta kompyuta dukani kwetu, imegoma kuwaka. Madaftari ya alama yalipotea watu wa huko walipokimbia vita, kwa hiyo alama zote za watoto zimo kwenye diski yake tu. Nikaweka mfumo mpya bila kugusa faili zake. Mwishoni kuna kiprogramu kidogo cha kuamsha mashini, nacho hutakiwa kukaa kwenye diski ya kompyuta yenyewe. Mimi, kwa haraka, nikakiweka kwenye flashi niliyokuwa nikifanyia kazi. Kompyuta ikawaka vizuri, kwa kuwa flashi ilikuwa bado imechomekwa. Nikajisifu, nikaichomoa, direktere akaenda zake.

Alhamisi akapiga simu: “Kaka, mashini iko nyeusi tu! Na wazazi banakuya kesho kutwa kusikia majina ya proklamasio, nani amefaulu!”

Patron wangu mwenye duka, yule mfanyabiashara wa Butembo, akacheka: “Umeuzisha muntu nyumba, funguo iko mu mufuko yako. Enda!”

Siku mbili za pikipiki, matope hadi magotini. Jumamosi nilikuta wazazi wamejaa uwanjani, watoto na sare zao. Niliogopa, Mama, sikufichi. Nikachomeka flashi, kompyuta ikaamka. Nikakiweka upya kile kiprogramu, safari hii nikisoma jina la diski mara tatu kabla ya kubonyeza. Nikachomoa flashi, nikazima kompyuta, nikaiwasha tena. Ikaamka yenyewe.

Direktere akasoma majina. Waliofaulu wakamwagiwa poda kichwani kwa kupongezwa, kama kawaida. Mama mmoja akanigeukia: “Na huyu mwenye ametengeneza, banamuacha hivi?” Kopo lote la poda likaniishia kichwani.

Nikakumbuka poda uliyoninunulia nilipomaliza darasa la sita, tukaikimbia Kashuga kwa vita kabla majina hayajasomwa. Nililia mbele za watu, poda ikawa uji usoni.

Nisalimie dada yangu mkubwa na shemeji, na shangazi anayekuletea maziwa. Mwambie Papa simu yake nimeshaitengeneza.

Shati lenye poda sijalifua. Nitakuja nalo ulione.

Mwanao aliyefaulu,
Baraka