Inchi Mbili Chini ya Kasha

Baba yangu, shikamoo.

Nakuandikia mbele za watu, jambo ambalo ungelichukia. Wewe ulikuwa mtu wa kufunga mlango wa karakana hata paka asichungulie. Lakini kosa langu nililifanya hadharani, na sioni haki kukuomba radhi chumbani peke yangu. Basi wasionijua wasome. Wajue kwamba Bagamoyo palikuwa na seremala aliyetengeneza masanduku ya mazingaombwe, kwamba alikuwa na binti mmoja tu, na kwamba binti huyo ndiye aliyemvunja moyo.

Unakumbuka nilivyoanza? Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yametoka ya kuficha uso, nimejifungia ndani siongei na mtu. Hukunisema hata neno. Ulinipa msasa, ukaniwekea sanduku mbele yangu, ukasema, "Lisugue mpaka uchoke, halafu tutazungumza." Nilichoka siku nne. Siku ya tano hatukuzungumza chochote. Ulinipa brashi ukaanza kunifundisha rangi.

Wewe uliunda, mimi nikamalizia. Ulinionyesha kwamba ukingo mnene wa ubao ukipakwa rangi nyeusi, ukapitishwa mstari mwembamba wa dhahabu katikati, jicho huona wembamba ambao haupo. Ndani tuliweka mahameli nyeusi isiyong'aa hata kidogo, ili mtazamaji asijue chini panaanzia wapi. Na huko chini ndiko kulikokuwa na siri. Kila sanduku ulilipima mbele yangu, kina cha nje kisha kina cha ndani, na kila mara ndani palipungua inchi mbili au tatu. Humo alilala njiwa, au shela, au chochote ambacho mwenye mazingaombwe alitaka kipotee.

Sanduku langu la kwanza nilipolimaliza lilikuwa linawaka kama meza ya bwana harusi. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Hili watu watalikagua, mwanangu. Zuri mno." Ukachukua mnyororo wa baiskeli ukalichapa pembeni, ukalimwagia chai ya rangi, ukalikwaruza mgongoni kwa msumari. Lilipofanana na kitu kilichosafirishiwa kuku toka Chalinze, ndipo uliporidhika. Mimi nilinuna siku nzima.

Na ile siku ya salamu, baba! Ulikuwa huamini sanduku mpaka ulale ndani yake mwenyewe, na siku hiyo bawaba zikagoma. Chumvi ya pwani ilikuwa imezila. Nikiwa nahangaika na bisibisi, mzee jirani akasimama mlangoni akiulizia kiti chake. Nikamwambia umetoka. Akasema haya, akaaga, "Asalaam aleikum." Nawe, kwa adabu zako, ukaitikia kutoka ndani ya sanduku, "Waaleikum salaam warahmatullah." Mzee wa watu aliacha kandambili moja pale mlangoni. Ulipotoka jasho linakutiririka ulisema, "Ningefanyaje, Hawa? Salamu ni deni." Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na leo nikiikumbuka sauti yako mle ndani ya mbao nalia.

Sasa nije kwenye lile ambalo sote tuliacha kulitaja.

Mteja wetu mkubwa alikuwa yule mzee tuliyemwita Profesa, aliyezunguka na mazingaombwe yake mashuleni na kwenye sherehe. Ulimtengenezea sanduku lililokuchukua miezi, nami nikalipaka. Chini yake, kwa ndani, badala ya mahameli nilichora michirizi ya mbao juu ya plaiwudi, fundo kwa fundo, mpaka wewe mwenyewe ukapagusa kuhakikisha kama ni rangi. Ukasema, "Hapa umenipita." Hukuwahi kuniambia hivyo. Nilitaka mtu mwingine aone, baba. Huo ndio ukweli wote. Kazi yangu ilikuwa nzuri pale tu isipoonekana, na mimi nilikuwa na kiburi cha ujana, nikachoka kutoonekana. Nikapiga video kwa simu, mkono wangu ukichora, kisha ubao ule wa chini ukiinuliwa na siri kuonekana, nikaiweka watu waitazame. Nilipokea sifa siku mbili. Siku ya tatu Profesa alikuwa Kiwangwa, mbele ya shule nzima, na watoto wakaanza kupiga kelele, "Ubao wa chini! Inua ubao wa chini!"

Alilirudisha sanduku kwa bajaji. Hakugomba. Alilishusha uani, akakupa mkono, akaondoka. Uliniangalia ukasema, "Sina hasira nawe. Nimeona haya." Afadhali ungenipiga. Nami badala ya kuanguka miguuni pako nikajibu kwamba dunia ya leo haina siri, na kwamba wewe ni mtu wa zamani. Jioni ile nikafungasha nguo zangu.

Nilikwenda Mbegani tu. Ningeweza kurudi hata kwa baiskeli. Nikapanga chumba, nikapata kibarua cha kupaka rangi mashua, rangi nene za kuonekana na kila mtu, na kila Ijumaa nikajiambia wiki ijayo nitakwenda kumwomba baba radhi. Miezi kumi na mmoja, baba. Nilikuwa nasubiri uniite, kwa sababu mimi ni mkaidi, na ukaidi huo nimeutoa kwako.

Aliyeniita ni mama, na nilikukuta kiharusi kimeshakuchukua ulimi. Nilipiga magoti nikasema yote. Nikasema, "Baba, nipe radhi yako." Mdomo ulitaka, haukuweza. Ulinishika mkono kwa ule mkono wako uliobaki na nguvu, ukawa unanikwangua rangi ya mashua iliyoganda kwenye kucha, taratibu, kidole baada ya kidole. Sikujua kama hiyo ndiyo radhi au ni mkono wa fundi tu unaofanya ulichozoea. Kesho yake ukafariki. Wanaume wakakubeba, jeneza likarudi msikitini tupu, na mimi nikabaki uani na swali langu.

Baada ya arobaini yako mama aliniita chumbani. Yumo edani, anavaa nyeupe, amekonda. Akanionyesha kitu kilichofunikwa kanga kando ya kitanda. "Lako hilo. Kabla hajaugua alisema upewe."

Lilikuwa kasha la nguo, kama yale wanayopewa mabibi harusi. Mninga mtupu, halijapakwa chochote. Nikalifungua. Hamna kitu. Nikamuuliza mama, "Hakusema neno lingine?" Akasema, "Alisema upewe, basi."

Nililipeleka karakana. Nilikaa nalo siku tatu, nikilifungua na kulifunga. Ya tatu nikachukua futi yako nikapima nje, kisha nikapima ndani. Inchi mbili zimepungua.

Sijui kama nitaweza kueleza nilivyofurahi. Nilisema kwa sauti, "Baba, nimekukamata!" Ulikuwa umenifichia maneno pale ambapo mimi peke yangu ningejua kuyatafuta. Nikagonga chini kwa kiganja, nikatafuta kwa kucha mahali ubao unapoachana, nikabonyeza kila pembe kama ulivyonifundisha. Haukufunguka. Nikasema, amezidi ufundi, ameniwekea mtihani. Nikalipindua. Nikachukua patasi yako ile pana, na nyundo.

Lilipasuka kutoka ukingo hadi ukingo. Ulikuwa ubao mmoja. Mninga wa inchi mbili, mzima, hauna tundu, hauna karatasi, hauna kitu.

Mama alitoka uani aliposikia kishindo. "Hawa, mwanangu, wavunja nini?"

"Natafuta maneno ya baba."

Alishika mlango. "Maneno gani, mama? Kasha hilo alilianza wiki ile ile uliyoondoka. Ubao huo aliufuata mwenyewe Chalinze, mgongo wamuuma, nikamwambia wa nini mnene hivyo. Akasema wajukuu wataingia ndani yake wacheze, usije ukapinda. Nikamtania, na hili umelitia siri gani? Akasema, 'La Hawa sitii siri. Huyu nimemfanyisha kazi ya kuficha, imetosha.'"

Nikamuuliza mbona basi hakulimaliza, mbona halina hata vanishi.

"Nilimuuliza. Alisema, 'Mimi naunda tu. Mwenye kumalizia atakuja.'"

Hapo nikakaa chini kwenye maranda, baba.

Mafundi wengine walioliona kasha wamenishauri nizibe ufa kwa unga wa mninga na gundi, nipige msasa, nichore michirizi juu yake. Wanajua naweza. Hakuna macho Bagamoyo nzima ambayo yangegundua. Nimekataa. Kuunga ubao sijui, hukuwahi kunifundisha, na kuficha sitaki tena. Nguo zangu nimezipanga humo hivyo hivyo lilivyo, na nikiinua gauni la mwisho nauona ufa.

Mimi mzima, ila moyo. Mama anakula kidogo kidogo. Nimekwenda kwa Profesa nikamwomba msamaha mbele ya wanawe, na yeye akanisamehe kabla sijamaliza sentensi, jambo lililonichoma kuliko kama angenifukuza. Mola akupanulie nafasi huko ulipo, wewe uliyelala kwenye masanduku membamba kwa ajili ya riziki yetu.

Radhi yako ulikuwa umeshanipa. Ilikuwa mbele yangu, haikufichwa, naishika kwa mikono miwili. Mimi nikaichukulia nyundo.

Binti yako,
Hawa